Kabla hujaususa ugali, pima mafuta

Wengi wakitaka kupunguza uzito huanza kwa kuufukuza ugali mezani. Mimi nakushauri uanzie kwenye dumu la mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, yawe ya alizeti au ya mawese. Ukimimina kwa kukadiria, vijiko vitano au sita vimeshaingia sufuriani hata kitunguu hujakitia.

Mchicha wa watu wanne unatosheka na kijiko kimoja. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo, tia nyanya, kisha funika. Ziache ziive kwa maji yake zenyewe mpaka zirojeke kabisa, ndipo utie mchicha na kuugeuza mara mbili tatu tu. Utamu upo pale pale, jaribu leo uone.

Halafu chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo vya sukari, hizo ni gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora tubaki chini ya gramu 25 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki na uongeze tangawizi au iliki; ulimi huzoea.

Ugali kula, ila uwe kiasi cha ngumi yako, na mboga za majani zichukue nusu ya sahani. Kama unatumia dawa za kisukari, tafadhali zungumza na daktari wako kwanza, sukari isije ikashuka ghafla.