Kupanda Mwamba Mbovu: Mwongozo kwa Wapandaji wa Arusha na Moshi

Anayeishi Arusha au Moshi na kutamani kupanda miamba kwa mikono na miguu hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba milima yetu ni ya volkano, iliyojengwa kwa matabaka ya lava, majivu na mawe yaliyorushwa, na kwamba matabaka hayo hayakushikamana kama mawe ya itale ya Mwanza. Wengi huliona hilo kuwa kasoro, wakaishia kwenye njia za watalii. Mimi naona ndilo linaloipa milima hii thamani kwa mpandaji anayetafuta changamoto, kwa sababu penye ardhi inayobomoka nguvu za vidole hazitoshi; hutakiwa macho, masikio na utayari wa kurudi.

Anza mahali padogo. Makorongo yaliyochimbwa na maji ya masika yana kingo za majivu yaliyoganda zenye kimo cha mtu mmoja au wawili, na hapo mtu anaweza kujifunza mengi bila kuhatarisha maisha, mradi ameomba ruhusa kwa mwenye shamba au ofisi ya kijiji na ardhi imekwisha kukauka. Machimbo ya mawe na moramu yaache kabisa hata kama kuta zake zinavutia, kwa kuwa zimechimbwa kwa chini na zinaweza kuanguka zote kwa pamoja.

Ustadi wa kwanza ni kulipima jiwe kabla ya kuliamini. Litazame kwanza: je, lina ufa pande zote, au limeungana na ukuta? Kisha ligonge kwa ngumi na usikilize, kwani jiwe lililoshikamana hutoa mlio mkavu na mfupi, ilhali lililoachana na ukuta hutoa mlio wa mtungi mtupu. Hata likifaulu mtihani huo, likandamize kuelekea chini wala usilivute kuja kwako, maana jiwe lililolegea huweza kustahimili uzito unaolisukuma mahali pake lakini hung'oka mara moja likivutwa nje. Uzito wako uache miguuni, uugawe katika sehemu tatu zinazogusa mwamba, na usogeze kiungo kimoja tu kwa wakati, taratibu, bila kurukia chochote.

Kwenye majivu na kokoto mambo hubadilika. Katika mgongo wa Meru kati ya Rhino Point na kilele, au katika mteremko mkali wa Ol Doinyo Lengai, mlima wenye kimo cha mita zipatazo 2,960, kila hatua hurudi nyuma nusu yake, na anayeharakisha huchoka kabla ya wenzake. Piga ncha ya kiatu ndani ya mteremko mpaka kidaraja kijitengeneze, panda kwa mshazari, na fuata sehemu zilizoganda. Wakati wa kushuka, kokoto nene na laini ni msaada mkubwa: shuka kwa visigino, magoti yakiwa yamelegea kidogo, lakini kwanza hakikisha kwamba mteremko hauishii kwenye genge.

Saa ya kupanda ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Juu ya Kilimanjaro barafu ya usiku hushikilia mawe, na jua likipiga huyaachia. Njia ya Western Breach kwenye Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilishuhudia maporomoko ya Januari 2006 yaliyowaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Kwa hiyo vuka maeneo ya aina hiyo kabla hayajapata joto, vaa kofia ngumu, wala usipumzike chini ya mkondo ambao mawe mapya yametapakaa. Mwenye kulidondosha jiwe, hata dogo, apaze sauti: "Jiwe!"

Wenzako wasikae chini yako moja kwa moja. Katika mkondo mwembamba, ama mpande mkiwa mmekaribiana sana ili jiwe lisipate kasi, ama apande mmoja huku wengine wamejificha pembeni. Kamba nayo inahitaji busara, kwa sababu ikiburutwa hung'oa mawe, na kifaa kilichopachikwa katika ufa wa mwamba uliooza huweza kutoka na ufa wenyewe. Gawanya uzito kwenye vishikizo kadhaa vilivyo mbalimbali, na kama hakuna hata kimoja unachokiamini, usijifunge na mwenzako.

Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro chenye kimo cha mita 5,149, ndiyo mfano mkubwa wa mwamba mbovu tulio nao. Eduard Oehler na Fritz Klute walifika kileleni mwaka 1912, miaka 23 baada ya Kibo kupandwa, ingawa Kibo ni kirefu zaidi. Usiufikirie kabla ya kuuliza KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kuhusu kibali na kupata kiongozi anayeujua ukuta huo, na huko Meru usiondoke bila askari wa hifadhi, kwa kuwa nyati wamo njiani. Kabla ya kuanza, mwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi, kisha mkubaliane na wenzako saa ambayo mtageuka hata kama kilele kinaonekana.