Kuhamisha Kompyuta za Saiba kutoka Windows 10 hadi Linux bila Kufunga Duka

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa Julai 2015 ambao ningali ninaukuta katika saiba, yaani maduka ya intaneti, nyingi ninazopita hapa Nairobi. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye, ilhali mashine tunazonunua mjini, zile zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa kwa makontena, mara nyingi ni za kizazi cha nne hadi cha sita. Mashine hizo hazina kasoro yoyote. Kinachozitoa kazini ni uamuzi wa kampuni, na ninauona kuwa uamuzi wa kuonea, kwa sababu mzigo wake unabebwa na mtu anayetoza shilingi kumi kwa ukurasa mmoja wa kuchapisha.

Ipo njia ya kuahirisha: Microsoft inatoa masasisho ya ziada kwa kompyuta za watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Anayehitaji muda wa kujipanga na autumie, mradi ajue kwamba siku hiyo itafika. Njia nyingine, ambayo mafundi wengi watakupendekezea kabla hujamaliza kueleza shida yako, ni kuwekewa Windows iliyovunjwa ulinzi, yaani nakala isiyo na leseni. Ninakusihi uikatae. Mimi niliwahi kuwekewa na fundi mmoja wa mjini, na baada ya wiki chache flashi ya kila mteja aliyeketi kwenye mashine ile iliondoka na virusi, hata nikalazimika kuwapigia simu watu niliowafahamu na kuwaomba radhi mmoja baada ya mwingine. Saiba hupitisha vitambulisho, vyeti vya shule na PIN za kodi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za namna hiyo azilinde ipasavyo. Mashine isiyosasishwa haiwezi kutimiza wajibu huo. Njia ninayoielekeza hapa ni kuhamia Linux, mfumo endeshi huria usiolipiwa.

Anza na daftari kabla hujagusa kompyuta. Kwa wiki moja nzima, andika kila kazi inayofanyika katika kila mashine na programu iliyotumika kuifanya. Daftari langu lilinishangaza: sehemu kubwa ya kazi yote ilifanyika ndani ya kivinjari, yaani eCitizen (huduma za serikali), iTax (kodi), maombi ya HELB (mikopo ya wanafunzi) na KUCCPS (nafasi za vyuo), na barua pepe. Iliyofuata ilikuwa kupiga chapa barua na wasifu wa kazi, kisha kuskani na kuchapisha. Kazi moja tu ilitegemea programu isiyo na toleo la Linux, nayo ni kutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi kwa CorelDRAW. Kwa hiyo kati ya mashine zangu sita, tano zilikuwa huru kuhama na moja ilibidi ibaki. Usimwache mtu yeyote akuambie kwamba Linux inafaa au haifai kabla hujalisoma daftari lako mwenyewe.

Chagua pia majira. Usithubutu kuhama mwezi wa Juni, kwa kuwa ritani za kodi za watu binafsi hufungwa tarehe 30 na foleni hufika nje ya mlango. Hamisha mashine moja kwanza, ile ya pembeni, na uitumie wiki mbili kabla ya kugusa nyingine.

Kwa saiba ninapendekeza Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa kwa kuwa linatokana na neno moja na utu, na sura yake haimtishi aliyezoea Windows: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, na hufanya kazi vizuri kuanzia GB 4. Mashine dhaifu ipe toleo la Xfce, ambalo ni jepesi zaidi. Ukiwa na fedha kidogo tu za kutumia, zitumie kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, diski isiyozunguka, kabla ya jambo lingine lolote, maana hakuna badiliko jingine ambalo mteja ataligundua upesi hivyo.

Pakua faili la Mint kutoka tovuti rasmi. Ni kama GB 3, kwa hiyo tumia mtandao wa waya au wa fiba badala ya bando la simu. Linganisha alama ya uhakiki ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoonyesha kwamba faili halikuharibika, na ile iliyo kwenye tovuti, jambo linalochukua dakika mbili na ambalo watu hulipuuza kwa hasara yao. Kisha andika faili hilo kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, ukikumbuka kwamba kila kilichokuwa ndani ya flashi kitafutika. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F12 ikiwa ni Dell au Lenovo nyingi, au Esc kisha F9 ikiwa ni HP, na uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Hapa usiwe na haraka. Jaribu Wi-Fi, sauti, skana, na zaidi ya yote printa, kwa sababu printa ndiyo riziki ya saiba. Za HP kwa kawaida hutambulika zenyewe. Baadhi ya printa ndogo za leza za Canon za zamani hudai usumbufu, na ni heri uujue usumbufu huo sasa kuliko Jumatatu asubuhi wateja wakiwa wamesimama mbele yako.

Nakala za faili ziwe kwenye diski ya nje, na uzifungue katika kompyuta nyingine ili uhakikishe kwamba zimenakiliwa kweli. Usisahau folda ya vipakuliwa wala alamisho za kivinjari. Hapo hapo utakutana na picha za vitambulisho vya wateja wa miaka iliyopita, usizihamishe, zifute.

Kusakinisha kwenyewe huchukua kama nusu saa na maswali ni machache. Jihadhari na stima tu: kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), azima UPS kwa siku hiyo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kugawa diski utaanza upya. Ukimaliza, fungua mipangilio ya dirisha la kuingilia na uruhusu kikao cha mgeni. Hiki ndicho kilichonifanya niupende mfumo huu kwa saiba: mteja huingia bila nenosiri, hufanya kazi yake, na akitoka kila faili aliloliacha na kila akaunti aliyosahau kuifunga hufutika. Mweleze mteja kabla hajaketi kwamba anapaswa kuhifadhi kazi kwenye flashi yake au kujitumia kwa barua pepe, na ubandike tangazo hilo juu ya kila skrini.

Jambo litakalokuletea malalamiko ni hati. Mama mmoja alinijia na wasifu wake wa kurasa mbili ulioandikwa kwa Word. Tulipoufungua kwa LibreOffice ukawa kurasa tatu, huku ya tatu ikibeba mistari miwili ya wadhamini wake. Hakuna neno lililokuwa limeharibika. Hati ilitumia fonti ya Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haimo katika Linux, na fonti iliyochukua nafasi yake ilikuwa na herufi pana zaidi. Dawa yake ni kusakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na zile za Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari hukatika palepale. Tulifanya hivyo akiwa ameketi, na kurasa zikarudi kuwa mbili. Baada ya hapo ingia katika mipangilio ya LibreOffice na uagize hati zihifadhiwe kama docx, kwa ajili ya mteja atakayekwenda kuifungulia kwingine, na kila kinachotumwa kwa mwajiri kitoke kama PDF.

Majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ni shida ya kweli, kwani mengine hukataa kabisa. Hapa nina neno kwa wanaotunga sera. Muundo huria wa hati, ODF, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Ofisi ya umma inayomtaka mwananchi ajaze jedwali linalofunguka kwa programu ya kampuni moja tu inamtoza ada ambayo Bunge halikuipitisha, nayo ada hiyo inakwenda ng'ambo. Jaribu majedwali yako yote kabla ya kuhama, na yatakayokataa yaandike katika daftari lile lile, chini ya mashine itakayobaki na Windows.

Mashine hiyo itoe kwenye mtandao kabisa. Chomoa waya, zima Wi-Fi, na kazi za CorelDRAW zipelekwe kwa flashi moja uliyoitenga kwa shughuli hiyo pekee, ambayo hukaguliwa kwanza kwenye mashine ya Linux. Kwa zile tano nyingine, washa programu ya Timeshift ili ihifadhi hali ya mfumo kila wiki, na ukubali masasisho kila Jumapili jioni baada ya kufunga, duka likiwa tupu na intaneti ikiwa yako peke yako.