Bosi mpya wa chuo anaenda Ikulu kujitambulisha, muandaeni hivi

Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na Rais, ukishatoka, chuoni hapakaliki. Simu zinaita, kila mtu anataka kupiga picha na bosi mpya, na baada ya muda inakuja taarifa kwamba ataenda Ikulu kujitambulisha kwa Rais. Hapo ndo naona watu wanahangaika na suti, maua na keki ya pongezi, wanasahau kwamba mtu wao anaenda kukaa mbele ya mkuu wa nchi kwa dakika labda kumi, labda kumi na tano, na zikishaisha zimeisha, hata uandike barua ishirini baadaye hazirudi. Nimekaa ofisi ya namna hiyo kwenye chuo cha umma miaka mingi kidogo, nimeshiriki kuandaa mabosi watatu, kwahiyo haya nawaandikia maafisa uhusiano, makatibu muhtasi na wasaidizi ambao safari hii zamu imewaangukia.

Kwanza kabisa wekeni sawa cheo. Hili linaonekana dogo lakini linaharibu barua, bango na hata maelezo ya picha. Kwa Tanzania, Mkuu wa Chuo kwenye chuo kikuu cha umma ni cheo cha heshima, huyo ndo anatunuku shahada siku ya mahafali, mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni Mzee Kikwete tangu 2016. Anayeendesha chuo kila siku, anayeamka saa kumi akiwaza mishahara na maji ya hosteli, ni Makamu Mkuu wa Chuo, pale Mlimani mfano Profesa Anangisye aliteuliwa 2017. Chini yake kuna Naibu Makamu, halafu ndo wanakuja Marasi wa Ndaki (wakuu wa vile vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu), Maamidi (wakuu wa vitivo) na wengine. Sasa watu wengi wamesoma vyuo vya kati ambako mkuu wa chuo ndo bosi mwenyewe, kwahiyo mkono unaandika tu "Mkuu mpya wa Chuo" bila kufikiri, na ukiandika hivyo kwenye barua ya kwenda Ikulu umeshamvua cheo mzee mstaafu ambaye yupo na anaheshimika. Na msikopi barua za majirani, Kenya wao Makamu Mkuu wa Chuo wanamwita Naibu Chansela, ukiliweka hilo neno huku kwetu msomaji anadhani unamzungumzia naibu.

Huo mgawanyo una historia yake, na nikisema historia sijazi karatasi, inawasaidia kujua nani aanze kuonwa. Chuo cha Dar kilipokuwa chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970, baada ya kile Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanywa kati ya Dar, Nairobi na Makerere, Mwalimu Nyerere alikuwa Rais na hapo hapo ndo Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Mzee Pius Msekwa. Kwahiyo Msekwa akienda Ikulu anamkuta Rais na Mkuu wake wa Chuo kwenye kiti kimoja. Kenya nao walikuwa hivyo hivyo, Rais ndo Chansela, yaani Mkuu wa Chuo, hadi Kibaki alipoachia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2003 akamuweka Joseph Wanjui. Zanzibar, Dk. Shein alipokuwa Rais alikuwa pia Mkuu wa Chuo wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na alipostaafu akaja kuwa Mkuu wa Chuo Mzumbe. Ila bara saivi hivyo viti vimetenganishwa, Rais anateua, Mkuu wa Chuo ni mtu mwingine, na Baraza la Chuo lina mwenyekiti wake. Maana yake bosi mpya asiende Ikulu kabla hajamuona Mkuu wa Chuo na Mwenyekiti wa Baraza, na kama ratiba imebana basi angalau awapigie simu yeye mwenyewe, kwa sauti yake, asitume meseji. Mzee wa watu akimuona Makamu wake kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku ndo anajua kumbe ameshaenda, hapo mmeanza vibaya na mtu mtakayemuhitaji miaka yote.

Na wizara msiiruke. Bara ni Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Zanzibar ni Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Barua ya kuomba kujitambulisha ipitie kwa Katibu Mkuu, hata kama bosi ana namba ya mtu wa ndani. Najua inachelewesha, lakini chochote Rais atakachoelekeza siku ile kitarudi kutekelezwa wizarani, na waliorukwa hawana haraka ya kutekeleza.

Sasa tuje kwenye karatasi, na hapa ndo nataka mnisikilize zaidi ya pote.

Karatasi moja. Sio ripoti, sio kitabu cha mpango mkakati chenye picha za mahafali, sio slaidi. A4 moja, maandishi makubwa kidogo, upande mmoja. Juu kabisa idadi ya wanafunzi wa mwaka huu, wanaume na wanawake, na idadi ya wahadhiri. Chini yake kitu kimoja ambacho serikali ilitoa hela na kimekamilika, kiwe kitu ambacho mtu akienda anakiona kwa macho. Halafu kitu kimoja kilichokwama, kimekwama wapi, na uamuzi uko kwa nani. Mwisho ombi, na ombi liwe MOJA. Najua chuo kina shida arobaini na kila ndaki italeta yake, watakuja na barabara, maabara, basi la wanafunzi, vyeo vilivyokaa miaka, uzio. Kusanyeni zote, zina haki ya kusikilizwa, ila nyingi zina mlango wake kule wizarani, Hazina au Utumishi. Rais mpelekeeni ile ambayo bila yeye haitoki.

Mfano ambao mimi huwa nawapa vijana ni zile hosteli za Mlimani. Juni 2016 Rais Magufuli alienda pale kuweka jiwe la msingi la maktaba, shida ya malazi ikawa mezani, akaahidi shilingi bilioni 10 za hosteli. Tarehe 15 Aprili 2017 akarudi kuzifungua, majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840. Haujafika hata mwaka. Malazi yanaeleweka bila mtaalamu, mtoto wa mkulima katoka Sumbawanga au Newala analala wapi usiku, na kila kiongozi aliyewahi kuwa mwanafunzi anajua ile hali ya kubebana kitanda kimoja. Ombi lenu nalo lifike hapo, mtu alione. Ukiandika "kuimarisha miundombinu wezeshi ya kujifunzia" hakuna anayeona kitu, ukiandika wasichana 600 wanapanga mitaani na wanatoka maktaba saa nne usiku kwa miguu, kila mtu ndani ya kile chumba amekaa vizuri kwenye kiti. Ila namba iwe ya kweli.

Kabla ya kuandika ombi angalieni pia nini tayari kina mfuko wake. Vyuo vingi vya umma viliingia kwenye ule mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, sasa bosi akienda kuomba jengo ambalo tayari liko kwenye HEET na mkandarasi yuko saiti, ataulizwa limefikia wapi na hana jibu. Nendeni saiti wenyewe mkaone msingi au lenta, msitegemee ripoti ya robo mwaka.

Naongea hivi kwa sababu yalinikuta. Bosi wangu wa pili, mtu makini sana, nilimuandalia folda nzuri ya ngozi na karatasi ndani, idadi ya wanafunzi nikaichukua kwenye kabrasha lililokuwa kwenye kompyuta yangu. Ilikuwa ya mwaka uliopita, kabla ya udahili mpya. Mimi nilibaki nje kwenye gari. Alipotoka hakuongea mpaka tumepita geti, halafu akasema taratibu tu, mwanangu, zile namba wao walikuwa nazo mpya kuliko sisi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tangu siku hiyo namba zote nazichukua kwa ofisi ya udahili asubuhi ile ile, na anayenipa anasaini pembeni na kuandika tarehe.

Jioni kabla ya safari fanyeni mazoezi, na msione aibu kumkalisha Profesa mkamuuliza maswali. Mmoja awe Rais. Muulizeni migomo, ada, wahitimu wanaokaa bila kazi, madai ya wahadhiri, na yale ya mitandaoni kuhusu chuo chenu hata kama yanauma. Mpeni sekunde thelathini kila jibu. Maprofesa wamezoea lekcha ya saa mbili, wanaanza na usuli wa tatizo, wakifika kwenye jibu muda umeisha. Salamu na shukrani ziwe sentensi mbili, Mheshimiwa Rais nashukuru kwa imani uliyonipa, basi, aingie kwenye kazi.

Hayo mengine ni ya haraka. Majina ya wote watakaoingia yatumwe mapema, yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, na namba za magari. Simu hesabuni kwamba haziingii, kwahiyo asiseme namba zangu zipo kwenye simu. Zawadi waulizeni watu wa itifaki kwanza, kitabu kilichochapwa na chuo kinatosha, mambo ya kinyago cha kubebwa na watu wanne achaneni nayo. Fikeni saa nzima kabla. Na mjue ni Ikulu ipi, Chamwino kule Dodoma au Magogoni Dar, msicheke, kuna kilomita zaidi ya 400 kati yake na ratiba hubadilika. Picha watapiga wapiga picha wa Ikulu, nyinyi wapeni maelezo yaliyoandikwa vizuri, jina kamili na cheo sahihi, kwa sababu kosa likishatoka pale magazeti yote yanalibeba kama lilivyo.

Akitoka, msimuache aanze kupokea simu za pongezi. Mtu mmoja akae naye kwenye gari na daftari, aandike kila kilichosemwa kabla hawajafika hotelini, hasa maneno kama "mlete", "nitamwambia waziri", "njooni tena", na kila moja liandikiwe jina la anayelifuatilia na siku. Kama ameambiwa alete mchanganuo wa ile hosteli, mchanganuo uwe wizarani ndani ya wiki hiyo hiyo na nakala kwa Mwenyekiti wa Baraza. Jumuiya ya chuo nayo iambiwe, wanafunzi kwa wafanyakazi, yale yanayoweza kusemwa hadharani, na serikali ya wanafunzi isikie kwa bosi mwenyewe kabla haijasoma kwenye grupu la WhatsApp.