Somo: Programu yako ijengeke hata maktaba ya mtu ikitoweka

Machi 22, 2016, Azer Koçulu aliviondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript, baada ya mvutano na kampuni ya Kik juu ya jina "kik". Kimoja ni left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi. Babel, chombo cha kugeuza JavaScript mpya iendeshwe na vivinjari vya zamani, ilikihitaji, na miradi mingi mno iliihitaji Babel. Bildi (ujenzi wa programu) zikafeli kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo. npm wakakirudisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 1. Jua unachobeba: npm ls --all. Isome orodha yote, hata ikichosha.

Hatua ya 2. Funga matoleo. Kwenye package.json, "^1.3.0" inakaribisha toleo lolote jipya kabla ya 2.0.0. Hifadhi package-lock.json (faili ya lock, inayoandika matoleo kamili) kwenye Git pamoja na msimbo wako, na kwenye seva ya kujengea tumia npm ci, inayofuata faili hiyo kama ilivyo, badala ya npm install.

Hatua ya 3. Tunza nakala. Wengi huishia hatua ya pili wakadhani wamemaliza. Faili ya lock hukumbuka toleo na mahali lilipo, lakini kifurushi chenyewe haina. Siku ya left-pad isingekuokoa. Weka Verdaccio, rejista ndogo (ghala la vifurushi) unayoendesha mwenyewe, inayohifadhi kila kinachopakuliwa kupitia kwake. Bando nalo litapona, maana timu nzima inapakua mara moja.

Hatua ya 4. Kata intaneti, acha mtandao wa ndani. Futa node_modules (folda ya vifurushi vilivyosakinishwa) na kashe ya npm, kisha jenga. Ikikwama, itakutajia kilichokosekana.

MASWALI

Mkuu, nikifunga matoleo si nitakosa marekebisho ya usalama?

Utayakosa usipotenga siku ya kuyafuata. Tundu la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, la Desemba 2021 halikusubiri mtu. Lakini kupokea kila kipya bila kukitazama nako ni hatari: mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalitoka na mlango wa siri ndani. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ilichelewa kama nusu sekunde. Endesha npm audit, inayotafuta matundu yanayojulikana, kila wiki, soma kilichobadilika, ndipo upandishe.

Mistari 11 si niandike mwenyewe?

Andika, dada. Hiyo hata JavaScript yenyewe inayo tangu 2017, padStart. Usimbaji wa siri ndio usijitungie.

Mimi sina ofisi, nina laptopu moja tu.

Verdaccio inakaa humohumo. Nakili folda yake ya hifadhi kwenye diski ya nje.