Kabla Hujafungua Kesi ya Kufilisika Marekani: Jipange Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni kuandaa majalada ya kesi za kufilisika katika ofisi ya wakili hapa Marekani, na wateja wengi ninaowahudumia ni Wakenya, Watanzania na Wakongomani. Wanakuja na madeni ya kadi, bili za hospitali, au gari ambalo benki ililichukua, ikaliuza, na bado inawadai salio. Wengi huchelewa kuja kwa sababu ya aibu, na katika miezi hiyo ya kuchelewa ndipo hufanya mambo mawili yanayoharibu kesi: kuwalipa ndugu kwanza, na kuhamisha mali.

Mwongozo huu unahusu Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ya Marekani, ile inayofuta madeni bila mpango wa malipo. Sura ya 13, ambayo hukulipisha kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, humfaa zaidi anayetaka kuokoa nyumba inayokaribia kunadiwa au mwenye kipato kikubwa kuliko Sura ya 7 inavyoruhusu. Si lazima uwe raia. Sheria inataka uwe unaishi Marekani, au una biashara au mali huku. Na haya ninayoandika hayachukui nafasi ya wakili. Kama huwezi kumlipa, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo lako.

Hatua ya 1: Tuliza pesa zako

Tangu siku unapoanza kuwaza kesi, endelea kulipa kodi ya nyumba, chakula, umeme na bima ya gari. Mengine simamisha mpaka uonane na wakili. Usichanje tena kadi za mkopo. Usitoe pesa za 401(k) ili ulipe kadi. Akiba hiyo ya uzeeni kwa kawaida inalindwa na sheria, kwa hiyo utakuwa umeimaliza kulipa deni ambalo mahakama ingelifuta.

Zaidi ya yote, usiwalipe ndugu. Najua jambo hili linauma. Kwetu deni la shemeji ni zito kuliko deni la benki. Lakini sheria inawatazama wadai wote kwa jicho moja, na malipo ya deni la jamaa wa karibu huchunguzwa kurudi nyuma mwaka mzima. Kwa wadai wengine ni siku 90, kwa malipo yanayofika dola 600 au zaidi. Tuseme kaka yako alikukopesha dola 3,000, ukamrudishia miezi mitatu kabla ya kesi. Mfilisi aliyeteuliwa kusimamia kesi yako anaweza kumdai kaka azirudishe ili zigawanywe kwa wadai wote. Hapo umemwingiza kaka kwenye shauri ambalo ulitaka asilijue kabisa. Kesi ikiisha na deni likifutwa, hakuna anayekuzuia kumlipa kwa hiari yako.

Kuandikisha gari kwa jina la mke au kiwanja kwa jina la mama ni hatari zaidi. Uhamisho wa miaka 2 iliyopita unaulizwa wazi katika Fomu 107, ile fomu ya kesi inayouliza historia ya fedha zako. Kama umeshafanya hivyo, usijaribu kuugeuza peke yako. Mweleze wakili kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 2: Andika kila unayemdai na kila anayekudai

Chukua ripoti zako za mikopo bure kwenye annualcreditreport.com, kutoka kampuni zote tatu za rekodi za mikopo. Zitakuonyesha kadi na mikopo ya gari, ila hazitakuonyesha kila kitu. Bili nyingi za hospitali hazimo, wala mkopo wa rafiki. Kama ulikuja kama mkimbizi na bado unalipa mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), nao uandike.

Chama, au upatu, huwachanganya wengi. Kama umeshachanga na zamu yako haijafika, hizo ni pesa unazodai, yaani ni mali. Kama umeshapokea na bado unachanga, unadaiwa, na wenzako wanaingia kwenye orodha ya wadai kwa majina na anwani. Mweka hazina atapata barua ya mahakama. Ni heri aisikie habari kutoka kwako mapema.

Pima pia ni madeni gani yatabaki. Matunzo ya watoto hayafutwi. Kodi nyingi za miaka ya karibuni nazo hazifutwi, na mikopo mingi ya masomo haifutwi bila kupitia hatua nyingine ngumu. Kama hayo ndiyo sehemu kubwa ya mzigo wako, huenda Sura ya 7 isikusaidie sana.

Hatua ya 3: Mali, pamoja na iliyo nyumbani

Hapa ndipo ninapokaa na mteja muda mrefu kuliko kwingine kote. Fomu 106A/B inataka mali yote uliyo nayo, popote ilipo duniani. Kiwanja cha Kitengela, msingi wa nyumba Kigamboni, hisa za SACCO, salio la M-Pesa, bodaboda uliyomnunulia binamu aendeshe akuletee hesabu, vyote vinaandikwa. Mtu huniambia, "Lakini hati ina jina la kaka." Swali la kujibu ni hili: pesa zilikuwa za nani, na makubaliano yalikuwa nini? Kama ulituma pesa na kaka anakushikia tu, una haki ndani ya kiwanja hicho hata kama jina lako halipo, na lazima kitajwe. Shamba la baba, ambalo baba yu hai na ni lake, si lako.

Maelezo yawe mafupi na ya kweli, mfano: "Kiwanja, futi 50 kwa 100, Kitengela, Kenya. Hakijajengwa. Nusu ni yangu, nusu ya dada yangu." Kisha weka thamani ya leo kwa dola na ueleze umeipataje: bei ya kiwanja jirani kilichouzwa, au barua ya mthamini. Ambatisha picha ya hati au mkataba wa mauzo.

Kutaja mali si sawa na kuipoteza. Fomu 106C ndiyo inayoonyesha mali unayotaka ilindwe, na kesi nyingi za Sura ya 7 huisha bila mfilisi kuuza chochote. Viwango vya ulinzi hutofautiana kwa jimbo, na kama umehama jimbo ndani ya siku 730 kabla ya kufungua, huenda sheria za jimbo ulikotoka ndizo zitakazotumika. Ndiyo maana wakili lazima ajue tarehe uliyohama. Kiwanja chako kikiwa na thamani kubwa isiyolindwa, ni bora ujue kabla ya kufungua, wakati bado unaweza kuchagua Sura ya 13 au kutofungua kabisa.

Kuficha ni kosa la jinai la serikali kuu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Kwa mwenye green card, hukumu ya udanganyifu inaweza kuharibu hata ukaazi wake.

Hatua ya 4: Pesa ulizotuma nyumbani

Fomu 107 inauliza zawadi zote zinazozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka 2. Karo ya mdogo wako, mchango wa mazishi na pesa za mama kila mwezi huweza kuvuka kiwango hicho upesi. Ingia kwenye programu unayotumia kutuma pesa, pakua historia ya miaka 2, na ujumlishe kwa kila mpokeaji. Wazazi unaowatunza kila mwezi waandike pia kwenye Fomu 106J, mahali pa watu unaowasaidia wasioishi nawe, na utunze risiti.

Hatua ya 5: Kipato

Kipimo cha kipato huangalia miezi 6 kamili kabla ya mwezi wa kufungua kesi. Kama wewe ni CNA (msaidizi wa wauguzi) uliyepiga zamu za ziada majira yote ya baridi, au dereva wa lori uliyekuwa na miezi minono, wastani wako utapanda. Wakili anaweza kushauri usubiri kidogo. Andaa hati za malipo za siku 60 za mwisho na ritani ya kodi ya karibuni. Kama hujawasilisha ritani za miaka iliyopita, anza na hizo.

Hatua ya 6: Somo la kwanza, ada, na kufungua

Ndani ya siku 180 kabla ya kufungua, lazima ufanye somo la kwanza, yaani ushauri wa mikopo, kutoka shirika lililoidhinishwa. Orodha ipo kwenye tovuti ya Wizara ya Sheria, justice.gov/ust. Mume na mke wanaofungua pamoja, kila mmoja apate cheti chake. Ada ya mahakama ni dola 338. Unaweza kuomba kuilipa kwa awamu zisizozidi 4, au kusamehewa kama kipato cha kaya kiko chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini. Fomu zote ni bure kwenye uscourts.gov.

Andika majina yote uliyotumia miaka 8 iliyopita, hasa kama majina yako matatu yamepangwa tofauti kwenye leseni na kadi ya Social Security. Kesi ikishapokelewa, zuio la mahakama huanza papo hapo: simu za wakusanya madeni na makato mengi ya mshahara hukoma.

Hatua ya 7: Kikao na mfilisi

Kikao hiki, kiitwacho kikao cha 341, hufanyika kwa Zoom, kwa kawaida siku 21 hadi 40 baada ya kufungua. Utaapa, utaonyesha kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba ya Social Security. Mkalimani wa Kiswahili kwa simu hutolewa bure, ila wakili aombe mapema. Usimtumie mwanao. Utaulizwa kama ulizisoma fomu kabla ya kutia sahihi, kwa hiyo kaa na mtu akusomee kila ukurasa kwa Kiswahili.

Mzazi akifariki ndani ya siku 180 baada ya kufungua na ukawa mrithi, mjulishe wakili mara moja, kwa kuwa urithi huo unaingia kwenye kesi.

Kisha fanya somo la pili, la usimamizi wa fedha, ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya kikao. Ni tofauti na lile la kwanza, na watu hudhani wameshalimaliza. Cheti chake kisipofika mahakamani, kesi hufungwa bila amri ya kufuta madeni, na kuifungua upya kunadai ada nyingine.