Lori Linapovuta Upande Ukikanyaga Breki: Namna ya Kulipata Gurudumu Lenye Ugonjwa

Lori linalokimbilia kulia kila dereva anapokanyaga breki kwa kawaida lina ugonjwa upande wa kushoto. Gurudumu la kulia linashika inavyotakiwa, la kushoto halishiki au linashika kidogo, na kwa hiyo upande dhaifu unaendelea kusonga mbele huku ule wenye nguvu ukizuiwa, na gari zima likageukia huko. Jambo hili halina budi kueleweka kwanza, kwa sababu zipo gereji za kando ya barabara, kuanzia Nakuru hadi Malaba, ambako tiba ya haraka ni kulegeza slaki (mkono wa chuma unaorekebisha nafasi ya breki za upepo) ya upande ambao lori linavutia, hadi pande zote mbili zilingane kwa udhaifu. Lori hunyooka kweli, na mwenye gari akalipa na kuondoka, lakini kilichofanyika ni kuiharibu breki nzima ili ifanane na ile mbovu.

Madhara ya tiba hiyo hayaonekani katika tambarare ya Kano, kati ya Ahero na Kisumu. Yanaonekana lori lililojaa linapoteremka kutoka Mau Summit kupitia Sachang'wan hadi Salgaa, mteremko mrefu ambamo ngoma za breki (vyuma vya mviringo vinavyozunguka na magurudumu) hupata moto sana. Ngoma ya chuma ikipata moto hutanuka na kwenda mbali na lainingi (utando mgumu unaoibana ngoma), na fimbo ya chemba (kopo linalopokea upepo wa breki na kuisukuma fimbo hiyo) hulazimika kusafiri zaidi ili kuifikia. Slaki iliyolegezwa imekwisha kuipoteza sehemu ya safari hiyo bure, na fimbo ikifika mwisho wa chemba hakuna nguvu inayoongezeka, hata dereva akisimama juu ya pedali. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba breki nzuri isiguswe kabla ile mbaya haijapatikana.

Kabla ya kushika spana, muulize dereva maswali na umsikilize kwa makini. Je, lori huvuta hata asipokanyaga breki? Ikiwa ndivyo, tazama kwanza upepo wa tairi, usawa wa magurudumu ya mbele, na breki iliyokwama isiyoachia. Hiyo iliyokwama hulivuta gari upande wake yenyewe, na ndiyo inayokwenda kinyume na kanuni niliyoieleza mwanzoni. Je, huvuta mwanzoni mwa kukanyaga kisha likanyooka? Huenda upepo unachelewa kufika upande mmoja. Je, huvuta baada ya mteremko mrefu pekee? Shuku ngoma na lainingi. Ikiwa huvuta baada ya mvua au baada ya kutoka kwenye matope ya mashamba ya miwa huko Muhoroni na Chemelil, kisha likapona baada ya breki chache, huenda ni maji yaliyoingia katika ngoma moja, ingawa matope yaliyokauka ndani hayaondoki yenyewe na ni lazima ngoma ifunguliwe. Na likivuta kulia leo na kushoto kesho, tatizo huenda si la breki bali ni la springi au usukani.

Kisha lijaribu mwenyewe. Barabara zetu nyingi zimeinuka katikati na kuinama kando, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, lori lenye afya nalo huelekea kushoto kidogo. Tafuta uwanja mpana ulio tambarare, hakikisha kwamba mzigo haujalala upande mmoja na kwamba tairi mbili za mbele ni za saizi moja na upepo sawa, halafu uendeshe kwa kilomita 30 hivi kwa saa, ushike usukani kwa wepesi na kukanyaga breki pole pole. Ekseli ya mbele ndiyo inayohisiwa zaidi mikononi. Hitilafu ya magurudumu ya nyuma huonekana zaidi kama mkia unaotaka kupita upande.

Usalama hauna mjadala. Tia kabari imara kabla ya kuachilia hendibreki, na usiingie chini ya lori lililobebwa na jeki peke yake. Chemba za nyuma zenye breki ya kuegeshea zina springi iliyokandamizwa kwa nguvu inayoweza kuua. Usiufungue kamwe mkanda wa sehemu hiyo ya springi, hata kama mtu anakuhakikishia kwamba amewahi kufanya hivyo. Vumbi la lainingi nalo lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Njia rahisi ya kumtambua mgonjwa ni joto. Endesha mwendo mfupi wenye vituo kadhaa vya breki, simama, kisha ulinganishe joto la ngoma za ekseli moja kwa kipimajoto cha miale, au kwa kusogeza kiganja karibu bila kugusa. Gurudumu baridi kuliko mwenzake halifanyi kazi. Gurudumu lenye moto kupita kiasi limekwama, au linabeba kazi ya mwenzake, kwa hiyo usilihukumu kabla ya kulitazama lile baridi.

Sasa pima safari ya fimbo, kazi ambayo wengi huiruka ingawa ndiyo inayofichua ukweli mwingi zaidi. Lori likiwa na kabari, injini ikiwa imezimwa na hendibreki imeachiliwa, hakikisha geji ya upepo inasoma kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 90 na 100. Weka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba, mwambie utingo akanyage breki hadi mwisho na kushikilia, kisha upime umbali ambao alama imesafiri. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, kikomo ni milimita 51. Kwa namba 24 na namba 20 za kawaida, ni milimita 44. Zipo chemba za safari ndefu zenye vikomo vyake, na huwa na alama ya kuzitambulisha. Hata hivyo, kwa ugonjwa wa kuvuta upande, kikomo pekee hakitoshi: linganisha kushoto na kulia. Fimbo mbili za ekseli ya mbele zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, mimi huitafuta sababu hata kama zote mbili ziko ndani ya kikomo.

Slaki ya kukazwa kwa mkono hukazwa hadi lainingi iguse ngoma, kisha hurudishwa robo hadi nusu mzunguko, na pande zote mbili hufanyiwa hivyo kwa wakati mmoja. Slaki inayojirekebisha yenyewe haistahili kukazwa kama dawa. Ikiwa safari yake imezidi, ama yenyewe imekufa, ama bushi za kamshafti (mhimili unaosukuma viatu vya breki kwenye ngoma) zimelika, ama pini imelika, na kuikaza ni kuuficha ugonjwa huo kwa siku chache tu.

Ukiwa bado chini ya lori, soma namba za chemba. Sehemu nyingi hununuliwa zikiwa zimetumika, na ni rahisi chemba ya 24 kufungwa mahali pa 30, kwa kuwa kwa macho zinafanana. Namba hiyo ni eneo la diaframu (utando wa mpira ulio ndani ya chemba) kwa inchi za mraba, na nguvu ya fimbo ni eneo hilo likizidishwa kwa upepo. Kwa psi 60, chemba ya 30 husukuma kwa pauni 1,800, na ya 24 kwa pauni 1,440. Sehemu moja kwa tano ya nguvu imepotea, na hakuna kukaza slaki kutakakoirudisha. Urefu wa mkono wa slaki nao unaweza kuleta tofauti kama hiyo, kwa hiyo pima kutoka katikati ya kamshafti hadi katikati ya pini, pande zote mbili. Sioni sababu ya fundi kufungua ngoma kabla ya kufanya ulinganisho huu, kwa sababu unachukua dakika chache na hauhitaji senti.

Kama vyuma vinalingana, fuata upepo. Funga geji mbili, moja kwenye kila chemba ya mbele, na ukanyage pole pole: zinapaswa kupanda pamoja, kufika mahali pamoja na kushuka pamoja. Inayochelewa kupanda ina mpira wa hewa uliokunjwa au uliovimba ndani, au valvu iliyoziba kwa maji na oili kutoka kompresa. Inayochelewa kushuka ndiyo inayoacha breki ikiburuta. Katika malori ya kisasa yenye mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama, kila gurudumu la mbele huwa na valvu yake, na moja ikikwama humnyima mwenzake usawa. Uvujaji tafuta kwa maji ya sabuni breki ikiwa imekanyagwa. Kumwaga maji ya matangi kila siku huzuia sehemu kubwa ya taabu hizi.

Ngoma hufunguliwa baada ya hayo yote, na hufunguliwa pande zote mbili. Lainingi iliyolowa grisi au oili kutoka sili ya habu (kizuizi cha mafuta kwenye kitovu cha gurudumu) haiponi kwa kuoshwa na petroli. Badilisha sili, kisha lainingi za ekseli nzima, za aina moja. Lainingi inayong'aa kama kioo imeungua. Tazama roli za kamshafti, springi za kurudishia viatu na nyufa za ngoma, na ulinganishe kipenyo cha ngoma mbili, kwa kuwa ngoma iliyokerezwa upande mmoja tu huleta ugonjwa ule ule uliokuwa ukitibiwa. Ikizidi kipenyo cha juu kilichochapwa juu yake, ni chuma chakavu. Kwa malori madogo ya breki za mafuta, kama Canter, utaratibu ni huo huo, ila unatafuta silinda ya gurudumu iliyoganda, hewa ndani ya mafuta, au mpira ulioziba. Na kila kitu kikiwa sawa, kagua yu-bolti na sentabolti zinazoishikilia springi kwenye ekseli, na kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), kwa sababu ekseli inayosogea nyuma upande mmoja hugeuza usukani bila kosa lolote la breki.

Ukipata mashine ya rola ya kupimia breki, itumie baada ya kazi. Kipimo cha Uingereza, ambacho naona kinafaa kufuatwa, ni kwamba gurudumu dhaifu lisishike chini ya asilimia 70 ya mwenzake wa ekseli hiyo. Lainingi mpya hukaa baada ya safari ya kwanza, hivyo pima fimbo tena lori likirudi, na uandike tarakimu za kushoto na za kulia katika daftari la gari. Ya upande mmoja ikianza kuikimbia ya mwenzake, fungua gurudumu hilo kabla usukani haujaanza kuvuta.