Vaa Pamba, Kaa kwa Raha, Upendeze
Mimi ni fundi cherehani, Dar es Salaam. Mteja akitaka kupendeza bila kuteswa na joto, naanza na kitambaa. Chomoa uzi pembeni, uuchome. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kidonge kigumu. Hiyo ya pili iache dukani, hata kama rangi zake zinakuita. Pamba nayo iloweke, uianike, ndipo uilete kwangu, maana ikifuliwa mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua.

Wakati wa vipimo, dada yangu, usijibane tumbo. Keti kitini, kisha simama uinue mkono kana kwamba umeshika bomba la daladala. Gauni lisilokuruhusu hayo halikufai. Mimi hutazama mabega kuliko kiuno: mshono wa bega ukikaa pake, hata gauni pana huonekana nadhifu. Na dai mifuko, tafadhali!

Ukipata mshono unaokukaa vizuri, urudie kwa vitambaa tofauti. Kitenge chenye maua makubwa hakihitaji mapambo mengi. Makubazi ya ngozi na hereni ndogo vinatosha. Kipande kinachobaki kichukue, ufungie kilemba.